Redio ya Kadi kwa Mtoto wa Kiegeani

Chombo cha kusikilizia kisicho na kioo ni kifaa kinachotunza hadithi, nyimbo na masomo kwa sauti pekee na kuyatoa kupitia spika, bila picha inayotembea wala maandishi ya kugusa, na ambacho mtoto mdogo hukiendesha mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, kuchomeka kadi au kusimamisha kidoli juu yake. Vifaa vya aina hii vimeshamiri Ulaya na Marekani katika muongo uliopita, na wazazi wa huko huvilinganisha kwa rangi, uimara na wingi wa hadithi zinazouzwa navyo. Swali la kipi kinafaa hubadilika sura linapoulizwa Kiegeani, kata iliyo kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, kati ya mji wa Kilindoni na Ghuba ya Chole, ambako bidhaa nyingi za umeme hufika kwa chombo cha baharini zikitokea Kariakoo, intaneti hununuliwa kwa bando, na hadithi zenyewe bado zimo vinywani mwa watu. Makala haya yanashikilia kwamba huko kipimo cha kwanza cha chombo si umbo lake wala jina la kiwanda, bali ni kama watu wa nyumba hiyo wanaweza kutia ndani yake sauti zao wenyewe bila kupitia mlango wa mtu mwingine aliye ng'ambo.

Haja ya kuondoa kioo mbele ya mtoto haikutokana na manung'uniko ya wazee peke yake. Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu michezo, kukaa tuli na usingizi wa watoto walio chini ya miaka 5, ukieleza kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na kwamba kuanzia miaka 2 hadi 4 muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni heri; mwongozo huohuo ukapendekeza kwamba mtoto anapokuwa ameketi, mlezi wake amsomee au amsimulie hadithi. Kioo kinachohusika hapa, mara nyingi, si cha televisheni bali cha simu ya mzazi, ambayo mtoto hupewa ili atulie mama anapokuna nazi au anaposuka ukili, na ambayo ina kasoro zaidi ya ile ya picha: video moja ikiisha nyingine hujianzisha yenyewe, kwa hiyo mwisho wa mchezo huamuliwa na chaji au na bando, na kilio hufuata. Hadithi ya sauti ina mwanzo na mwisho wake, na mtoto huweza kuisikiliza huku akichimba mchanga, akiburuta gari la kifuu au akimpokeza mama yake miyaa.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba sauti ni bora kuliko picha, mambo yakaishia hapo. Mwaka 2018 daktari John Hutton na wenzake wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walieleza matokeo ya uchunguzi wa watoto 27 wa umri wa miaka 4 hivi, ambao bongo zao zilipimwa kwa mashine ya sumaku inayoonyesha jinsi sehemu mbalimbali za ubongo zinavyoshirikiana, huku wakipewa hadithi kwa njia tatu: sauti tupu, sauti pamoja na picha za kitabu zisizotembea, na katuni. Katuni ilishughulisha sana macho na masikio lakini ikapunguza ushirikiano baina ya sehemu za ubongo. Kitabu chenye picha kilileta uwiano mzuri kuliko vyote. Na sauti tupu ilimfanya mtoto ajikakamue kutafuta maana, kwa sababu kila taswira alilazimika kuijenga mwenyewe. Uchunguzi wa watoto 27 ni mdogo, lakini unaelekeza kidole mahali panapostahili: kusikiliza ni kazi, na ugumu wa kazi hiyo hutegemea ni taswira ngapi mtoto tayari anazo kichwani.

Hapo ndipo asili ya hadithi inapogeuka kuwa jambo la kiufundi, wala si la fahari ya utamaduni tu. Mtoto wa Kiegeani anayesimuliwa juu ya popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa katika miti ya Chole, juu ya ngalawa iliyokwama kwenye maji mafu au juu ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote, anayeonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, hahitaji kuanza kujiuliza vitu hivyo ni nini. Akili yake huwa huru kufuata kisa. Mtoto huyohuyo akisikilizishwa, kwa Kiingereza asichokijua, kisa cha dubu aliyejificha kwenye theluji, hubaki na sauti tamu zisizo na kitu ndani. Mwambao huu haukuwahi kupungukiwa na visa: Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa Unguja, na kaskazini mwa Mafia, katika kijiji cha Kanga, mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza mwaka 1965 utafiti alioendelea nao kwa miongo kadhaa, uliozaa miongoni mwa mengine kitabu cha mwaka 1997 kilichojengwa juu ya masimulizi na shajara za wanakijiji wenyewe. Si kila kisa cha Mafia kinafaa kadi ya mtoto, bila shaka. Kile cha visasi kati ya watu wa Kua, mji ulio magofu kisiwani Juani, na watu wa Kisimani, kina mauaji ya kutosha kumkeshesha mtu mzima, seuze mtoto wa miaka 4.

Vyombo vilivyovuma zaidi duniani vinapaswa kuelezwa kwa haki, kwa kuwa baadhi ya fikra zilizomo ndani yake ni nzuri. Toniebox, iliyobuniwa Düsseldorf, Ujerumani, na Patric Faßbender na Marcus Stahl na kuanza kuuzwa mwaka 2016, ni kibweta cha pembe nne kilichovikwa kitambaa laini, chenye masikio mawili ya mpira: sikio kubwa likibanwa sauti hupanda, dogo likibanwa hushuka, na hadithi huanza mtoto anaposimamisha kidoli juu ya kibweta. Yoto ya Uingereza hutumia kadi zinazochomekwa kwenye mfereji, na ina vinukta vya mwanga 16 kwa 16 vinavyochora vipicha sahili, jambo linaloonyesha kwamba hata neno "bila kioo" lina mipaka yake. Vyote viwili hutambua kidoli au kadi kwa mawimbi mafupi ya redio: ndani yake mna chipu ndogo isiyo na betri, ambayo hupata nguvu kutoka kwenye chombo inaposogezwa karibu, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Msomaji azingatie kwamba kwa kawaida hadithi haimo ndani ya kidoli wala kadi. Kilichomo ni ufunguo tu. Chombo huchukua namba ile, huitafuta hadithi kwenye seva ya kampuni kwa njia ya waifai, huipakua, na ndipo baadaye kinapoweza kuicheza bila intaneti.

Mpango huo unafaa nyumba yenye waifai ya mwezi mzima. Kwa nyumba ya Kiegeani maana yake ni kuwasha intaneti ya simu ili chombo kijiunge nayo, kumaliza bando kwa hadithi moja ya lugha ngeni, na kutegemea kwamba kampuni iliyo mbali itaendelea kuwepo na kuwasha seva zake. Toniebox ina kidoli cha kujirekodia kinachobeba hadi dakika 90, na Yoto ina kadi za namna hiyo, lakini hata hapo sauti ya bibi huanzia mkekani, husafirishwa hadi kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, kisha hurudishwa chumba kilekile ilimotoka. Bei nayo, ambayo Ulaya kwa miaka mingi ilizunguka euro 80 hadi 100 kabla ya vidoli vya ziada, haihitaji maelezo marefu.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea chombo kisichojua intaneti. Mwezi Februari 2017 ilibainika kwamba ujumbe wa sauti zaidi ya milioni 2, wa watoto na wazazi wao, uliotumwa kupitia midoli ya CloudPets ya Marekani, ulikuwa umeachwa mahali ambapo wageni waliweza kuufikia. Mwezi huohuo mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aliyeitwa Cayla kwa hoja kwamba alikuwa chombo cha siri cha kunasa sauti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtoto inayohifadhiwa na kampuni ni taarifa binafsi kama zilivyo nyingine, lakini sheria haiwezi kulinda badala ya mzazi: kinga nyepesi zaidi ni chombo ambacho hakina njia ya kuitoa sauti hiyo nje ya nyumba.

Ulaya yenyewe imekwisha kutoa mfano wa chombo cha namna hiyo. Hörbert, kilichobuniwa Ujerumani na Rainer Brang, ni sanduku la mbao lenye vitufe tisa vya rangi, kila kitufe kikibeba orodha yake ya hadithi zilizotiwa na mzazi kwenye kadi ya kumbukumbu, bila kuhitaji waifai wala akaunti. Ni redio ya mbao halisi, ingawa Mtanzania hawezi kulitamka jina hilo bila kutabasamu, kwa kuwa kwake redio mbao ni uvumi wa mtaani. Ukitoa mbao na bei yake, fikra iliyomo ni ileile ya kifaa ambacho tayari kinauzwa katika maduka ya vifaa vya simu kote nchini, kikijulikana kwa majina ya redio ya kadi, redio ya fleshi au kispika.

Kifaa hicho kwa kawaida ni boksi la plastiki linaloenea kiganjani au lililozidi kidogo, lenye antena ya kuvuta, tundu la memori kadi, tundu la fleshi, tundu la chaji, na safu ya vitufe vinne au vitano vilivyoandikwa alama ambazo hata muuzaji hazijui zote. Kitufe kimoja hubadilisha chanzo cha sauti: kikibonyezwa, chombo hutoka kwenye kadi kikaenda FM, kikibonyezwa tena kikaenda Bluetooth, na hicho ndicho kinachowaudhi watoto, kwa sababu kidole kikiteleza hadithi hugeuka mikwaruzo. Dawa yake haihitaji fundi: vitufe viwili vinavyohitajika, cha kuanzisha na kusimamisha na cha kuruka mbele, hupakwa rangi ya kucha za rangi mbili tofauti, na vilivyobaki hufunikwa kwa selotepu ngumu. Vispika vingine vina taa za disko zinazomulika kwa kufuata mdundo. Hizo zinafaa ngomani, si pembeni mwa kitanda cha mtoto anayetakiwa alale. Vingine, kila vinapowashwa, hutangaza kwa Kiingereza na kwa sauti ya juu kabisa kwamba vimewaka, na mtoto aliyekuwa anasinzia huamka pamoja na jirani.

Kuhusu nafasi ya kadi, hesabu yake ni nyepesi. Sauti ya mazungumzo ikihifadhiwa kwa muundo wa MP3, yaani njia ya kubana sauti kwa kuacha yale ambayo sikio halingeyatambua, na kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja huchukua takriban megabaiti 29. Kadi ndogo ya gigabaiti 4, ambayo leo watu huiona haina maana kwenye simu, hubeba saa zaidi ya 130 za hadithi. Tatizo halipo kwenye nafasi, lipo kwenye muundo. Simu nyingi hurekodi sauti kwa miundo mingine, kama vile AMR au M4A, ilhali redio nyingi za kadi husoma MP3 na WAV tu, kwa hiyo mzazi aliyehamisha faili moja kwa moja hukuta redio iko kimya na hudhani kadi imekufa. Kijana anayeingiza nyimbo kwenye fleshi pale Kilindoni huweza kulibadilisha faili hilo kwa kompyuta yake kwa dakika chache, au mrekodiji mwenyewe huweza kuchagua MP3 katika programu ya kurekodia, kama simu yake inaruhusu. Tena redio nyingi hazipangi faili kwa jina bali kwa utaratibu zilivyoingizwa, hivyo hadithi ya kulalia inayotakiwa iwe ya mwisho haina budi kunakiliwa ya mwisho. Na kadi yenyewe, ya milimita 15 kwa 11, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba na inamezeka: ikishaingia tundu lizibwe kwa selotepu, na mtoto asiye na miaka 3 asiachiwe redio yenye tundu wazi.

Hatari kubwa zaidi ya kumezwa haimo kwenye redio bali kwenye rimoti nyembamba inayokuja na baadhi ya spika, ambayo hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Betri za aina hiyo, hasa zile za upana wa milimita 20, zikikwama kooni mwa mtoto hupitisha umeme kwenye mate na nyama, na huweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula, ndani ya saa 2. Rimoti hiyo itupwe mbali siku ileile ya kununua.

Sauti kubwa ni madhara yasiyoonekana. Kipimo chake ni desibeli, ambacho hakipandi kama futi bali kila nyongeza ya desibeli 3 huongeza maradufu nguvu ya sauti inayolifikia sikio. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu na desibeli 60. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalikubaliana kiwango cha usikilizaji salama, ambacho kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtu mzima desibeli 80 kwa muda huohuo. Kwa kanuni ya maradufu, sauti ya desibeli 90 humaliza fungu zima la wiki la mtoto kwa saa 1 na robo tu. Kwa kuwa hakuna mtu anayetembea na kipimo mfukoni, njia ya nyumbani ni hii: mlezi akae karibu na redio, mkono mmoja ulipoishia, aseme kwa sauti yake ya kila siku, ikimlazimu kupaza sauti, redio imezidi. Earphone hazina nafasi katika umri huu, kwani huweka spika ndani ya sikio na kumtenga mtoto na wenzake, ambao ni nusu ya hadithi.

Kwa sababu hiyo redio yenye gurudumu la sauti, lile la kuzungushwa kwa kidole, ni bora kuliko yenye vitufe vya kuongeza na kupunguza. Gurudumu hukaa lilipoachwa hata redio ikizimwa, na baba akishalipata pazuri huweza kulibana kwa tone la gundi. Vitufe, kinyume chake, mara nyingi husahau, na kila redio inapowashwa hurudi kwenye kiwango cha kiwandani. Palipo na fundi simu mwenye kifaa cha kuchomea risasi, huweza pia kuunga rezista, kipande kinachozuia sehemu ya umeme, kwenye waya wa spika: ikiwa na ohmu sawa na spika, nguvu inayofika kwenye spika hushuka hadi robo, sawa na desibeli 6, na hakuna kidole cha mtoto kitakachoipandisha.

Umeme wa Mafia kwa miaka mingi umezalishwa kisiwani humohumo kwa majenereta, na si kila nyumba imeunganishwa, hivyo betri ina uzito kuliko inavyokuwa mjini. Redio ya kuchagua ni ile ambayo betri yake hutoka kwa mkono, na hasa inayotumia betri bapa ya BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye Nokia za tochi, kwa kuwa imeenea, huazimika kwa jirani na hubadilishwa bila bisibisi. Betri hiyo ikaguliwe pia: iliyovimba, yenye tumbo linalofanya kifuniko kisifunge, haichajiwi tena. Taa za sola zenye redio na tundu la fleshi nazo ni chaguo zuri pale ambapo familia inataka mwanga na hadithi kwa paneli moja. Adui wa vyote hivi ni upepo wa bahari, ambao hubeba chumvi na kuotesha ukungu wa kijani kwenye vishikio vya shaba; kufuta vishikio kwa kitambaa kikavu kila mwezi na kuilaza redio ndani ya kopo lenye mfuniko huipa umri mrefu kuliko jina lolote lililoandikwa usoni pake.

Kuwasimulia watoto kwa redio si jambo jipya nchini. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikaja kulea kizazi kizima kwa kipindi cha Mama na Mwana, ambacho sauti ya Deborah Mwenda ilikifanya kikumbukwe hadi leo na watu ambao sasa wana wajukuu. Unguja na Pemba zilikwenda mbele hatua moja: kuanzia mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Zanzibar, pamoja na shirika la Education Development Center na kwa fedha za Marekani, iliendesha masomo ya redio ya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa awali na wa madarasa ya chini. Masomo hayo yalifuata mbinu iliyojaribiwa kwanza kwa hisabati nchini Nicaragua mwaka 1974, ambayo siri yake ni ukimya. Msimulizi huuliza, kisha redio hunyamaza kwa sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti, waruke au wahesabu, halafu husema jibu. Mtoto hageuzwi pipa la kumiminiwa bali hupewa zamu.

Mwambao ulikuwa na mbinu hiyo kabla ya redio kuzaliwa, kwa sababu msimulizi akisema "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka wasikilizaji wamejibu "Pakawa", na anayetega kitendawili hungoja kiteguliwe au apewe mji. Kosa la kawaida la anayerekodi kwa simu ni kusahau kungoja huko: huogopa kimya, akajijibu mwenyewe, na rekodi ikawa hotuba. Bibi anayerekodiwa anapaswa kukaa na mtoto mmoja au wawili halisi mbele yake, wamjibu na kucheka, kisha katika rekodi ya pili asimulie peke yake huku akihesabu tatu moyoni kila baada ya mwito. Simu iwekwe juu ya mto, umbali wa shubiri mbili kutoka kinywani, madirisha ya upande wa upepo yakiwa yamefungwa. Kuku hawadhuru, upepo ndio huharibu. Baba anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kwa majuma kadhaa huweza kuacha hadithi tano kwenye kadi, na mtoto akamsikia kila jioni asipokuwepo.

Nyumba nyingi za kisiwa hiki tayari zina kispika cha Kurani, na mtoto anayekwenda chuoni huweza kurudia juzuu ya amma kwa kitufe cha kurudia sura moja. Familia nyingi zitaona si adabu kuchanganya Kurani na nyimbo kwenye kadi moja, na njia rahisi ni kuwa na kadi mbili, moja ikiwa na alama. Nyimbo zinazoingizwa dukani kwa wingi zina wenyewe, ambao Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Hadithi aliyosimulia bibi kwa ajili ya wajukuu wake haina mgogoro huo, na vipindi vya redio vya Kiswahili vilivyotayarishwa kwa watoto na asasi kama Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, husikika redioni, jambo linalofanya FM ya kifaa hicho isiwe ya kubezwa kabisa.

Kwa hiyo uamuzi wa makala haya ni redio ya kadi: yenye gurudumu la sauti, betri ya kutoa, vitufe vichache na isiyo na taa za disko. Mnunuzi aende dukani akiwa na kadi yake mwenyewe, yenye faili moja la MP3 la sauti ya mtu wa nyumbani, amwombe muuzaji aichomeke, aizime redio na kuiwasha tena mara mbili. Ikianza na sauti ile, kwa kiwango kilekile ilichoachwa, alipe. Ikianza kwa kelele ya FM au kwa tangazo la Kiingereza, airudishe juu ya meza na kuomba nyingine.